Pumzi kwenye Kizindalo

"Rudia! Rudia hapa mbele ya watu yale uliyosema kule bombani!"

"Nirudie nini? Kila mtu iko na masikio. Hata afande alisikia, na yeye sikio moja liliharibika vitani."

"Ulitaja jina langu, Acan."

"Mimi sikutaja jina. Nilisema fundi wa nguo. Kama Bulembia hii mafundi wa nguo wote ni wewe, hiyo si kosa yangu."

Phionah alikuwa ameshika jerikeni tupu kama mtu anayepima umbali wa kuirusha. Acan, mke wa sajenti wa chumba cha mwisho, alikuwa ameikalia ya kwake iliyojaa maji, hana haraka yoyote. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, watu hawajanywa chai, na mstari wetu wote wa vyumba vya kupanga ulikuwa umemwagika nje kutazama. Mimi Naswiba nilikuwa mlangoni pa hoteli yangu, upawa mkononi, maharage yanaungua nyuma yangu, na wala sikuyajali.

"Jana saa kumi mimi nilikuwa Katwe kwa dada yangu," Phionah akasema. "Kufuli lilikuwa mlangoni. Kila mtu aliliona."

"Kufuli la nje!" Acan akacheka. "Hata mimi naweza kufunga kufuli la nje, halafu niingie kwa jirani."

Lo! Watu walishika vichwa. Phionah ni mjane, mtu mzima, anashona sare za shule na kanzu za wachungaji. Tangu nimjue sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Siku ile aliitupa jerikeni chini.

Jirani aliyesemwa ni Yonasani, na Yonasani ndiye mwenye kizindalo. Kama hukuwahi kufika kwetu miaka ile, nikueleze. Katikati ya kituo chetu kulikuwa na nguzo ndefu ya mkaratusi, juu yake spika nne za pembe zinazotazama pande nne, na waya ulishuka hadi chumba cha Yonasani. Mtu akifa, mbuzi akipotea, maji yakitaka kukatwa, unampelekea karatasi naye anaisoma, mpaka wanasikia wale wa ng'ambo ya mto Nyamwamba. Redio za mjini Kasese zilikuwa na mambo makubwa ya serikali. Habari zetu sisi zilitoka pale juu ya nguzo.

Na kabla ya kila tangazo alipiga kinanda cha mdomo, kile kidogo cha bati kinachoenea ndani ya viganja, ili watu wanyamaze kwanza. Alikipiga vizuri, tena vizuri sana. Kasoro ilikuwa moja tu. Alikishika pamoja na maiki ndani ya mikono miwili ili sauti inenepe, na maiki haichagui cha kubeba. Ilibeba wimbo, ikabeba na pua. Akivuta hewa tunasikia, akiitoa tunasikia. Kwa tangazo la mbuzi hakuna aliyelalamika. Lakini mwanzoni mwa mwaka huo wa 2015 alipiga wimbo wa taratibu kutangaza kifo cha mzee mmoja wa kanisa, na watoto wa marehemu wakaja mbio, viatu mkononi, wakiuliza kama baba amezinduka, maana wamemsikia akihema kwenye kizindalo.

Yonasani alilia siku ile. Mimi niliona.

Tena alikuwa na sababu nyingine ya kuogopa pumzi yake. Alikuwa amechumbia Bwera, binti anaitwa Sylivia, mwalimu wa watoto wadogo. Mbuzi za mahari zilikuwa zimekwenda, zimepokewa, zimebaki sherehe tu, Jumamosi ya wiki ile ile ninayokusimulia. Na yeye kwa mdomo wake alikuwa ameahidi kuwapigia wakwe kinanda, kwenye spika kubwa, mbele ya ukoo mzima. Sasa mtu atahemaje mbele ya wakwe?

Basi wiki tatu kabla ya sherehe akashuka Mpondwe, akamtafuta Mkongomani mmoja mzee, Ezironi, anayepiga kinanda cha mdomo na kispika cha betri pale soko la mpakani, malori yakipita. Yonasani aliporudi alinisimulia hapa hapa mezani kwangu, akimwigiza mzee mwenyewe.

"Mutoto, mukono yako iko muzuri, ulimi iko muzuri. Lakini uko unapumua sawa mutu ya kubeba magunia. Pua inapiga maiki. Shusha maiki chini kidogo, fungua koo, vuta hewa toka mu tumbo, sawa mutu iko analala. Bandika unyoya ya kuku juu ya maiki. Usipige wimbo. Pumua tu, angalia unyoya. Siku unyoya itakataa kucheza, njoo unipe mukono, uko mupigaji."

Nilicheka sana. Nikampa unyoya mwenyewe, wa kuku niliyekuwa nimemchinja asubuhi ile. Kwa hiyo usinione kama mtu ambaye hakujua. Nilijua kila kitu. Ndiyo maana aibu yangu ni kubwa kuliko ya wengine.

Ikaja Jumapili. Saa kumi kasoro alisoma tangazo la maji kukatwa. Kisha alitakiwa kushusha swichi ya pembe za nje. Akasahau. Chumba chake kimetundikwa mablanketi ukutani na mlangoni ili kelele za nje zisiingie. Akavaa hedifoni ajisikilize mwenyewe, akaanza zoezi lake la unyoya, akiamini yuko peke yake duniani.

Kwanza nilidhani ni upepo. Halafu nikadhani ni mgonjwa. Halafu, subhanallah, sikudhani tena kitu kingine. Pembe nne za kizindalo, mchana kweupe, zilikuwa zinahema. Ndani, nje. Ndani, nje. Ndefu, nzito, ya mtu aliye kazini. Katikati ya kuhema ikaja sauti ya Yonasani, ya chini, ya kubembeleza: "Polepole... polepole... hapo hapo. Usicheze. Haya, tena."

Kwaya ya akina mama iliyokuwa ikifanya mazoezi kanisani ilikata wimbo katikati ya neno. Muuza nyama alisimama, panga hewani. Sajenti alitoka nje na singlendi, akatazama juu ya nguzo, akatazama chini, akarudi ndani akafunga mlango. Na jambo likaendelea robo saa nzima! Hakuna aliyekwenda kugonga. Ungegonga useme nini? Mwishoni ukasikika mshusho mrefu wa pumzi na maneno haya, nayakumbuka yalivyo: "Asante Mungu. Leo imewezekana."

Ng'ambo ya mto mtu alipiga makofi.

Ungeniuliza wakati ule, Naswiba, si ulimpa unyoya kwa mkono wako? Si uliambiwa habari za zoezi? Ningekujibu kwamba unyoya ulinitoka kichwani kama maji. Nilikuwa nimeduwaa, na mkono ulikuwa umeshatoa simu. Nina binamu, Sarah, anauza vitenge Mpondwe. Nikampigia kabla mwangwi haujaisha. Nikamwambia, "Sarah, usimwambie mtu." Na meza ya Sarah inatazamana na meza ya Shangazi Vasta, shangazi yake Sylivia, mwenye neno la mwisho katika ndoa ile. Nilijua hilo pia. Sitasema sikujua.

Basi ile Jumatatu asubuhi, Acan na Phionah wakiwa bado wanatazamana kama majogoo, Yonasani akatoka chumbani na mswaki mdomoni. Alikuwa na uso wa mtu aliyelala vizuri.

"Kuna nini, jamani? Jana jioni nawasalimia mnanyamaza, leo mnapigana."

"Waambie!" Phionah akamgeukia, sauti imepasuka. "Waambie jana ulikuwa na nani mle ndani!"

"Mimi? Peke yangu. Nilikuwa na zoezi la kinanda."

"Kinanda!" Acan akaruka juu ya jerikeni. "Kinanda ilikuwa wapi? Hatukusikia hata wimbo nusu!"

"Sikuwa napiga wimbo. Nilikuwa napumua tu."

Wallahi angekaa kimya ingekuwa nafuu. Watu walilipuka. Mmoja aliketi chini kwa kucheka. Yonasani akatutazama mmoja mmoja, akatazama juu ya nguzo, akafuata waya kwa macho mpaka kwenye dirisha lake. Mswaki ukamdondoka. Nimeona watu wakipokea habari za msiba, na sijaona uso ukikauka namna ile.

"Zilikuwa wazi?" akauliza kwa sauti ndogo. "Pembe zilikuwa wazi?"

Hapo ndipo unyoya ulinirudia kichwani. Wote pamoja, na kuku wake, na maneno ya Mkongomani. Nikarudi jikoni nikampigia Sarah.

"Sarah, lile neno la jana silo. Ni kinanda."

"Da Naswiba," Sarah akanijibu, "umechelewa. Hapa wanajua mpaka rangi ya shuka."

*

Jumatano, saa tano asubuhi, pikapu ikapanda kutoka upande wa mjini na kusimama chini ya nguzo. Nyuma kulikuwa na mbuzi.

Hakuna aliyeuliza mbuzi ni za nini. Sisi wote pale tunajua maana yake. Mbuzi za mahari zikishapokewa hazirudi, isipokuwa kwa jambo moja, uchumba kuvunjwa. Nilizihesabu kwa macho, zote zilikuwepo, hata ile ya pembe moja. Phionah alikuwa anashona barazani kwake. Mashine yake ikanyamaza.

Alishuka kwanza Mzee Byaruhanga, baba mdogo wa Sylivia, mtu mrefu wa maneno machache. Kisha akashuka Shangazi Vasta. Huyu ni kiongozi wa akina mama kanisani kwao Bwera. Miaka sitini na kitu, mgongo umenyooka kama rula, kitambaa cha kichwa hakijawahi kupinda. Aliamkia watu wote kwa heshima, akakataa kiti, akakataa maji.

"Yonasani," akasema. "Mbuzi zako hizi hapa. Hatukuja kugombana. Tumekuja na mikono safi, tunaondoka na mikono safi."

Yonasani alipiga magoti mavumbini, mwanaume mzima, mbele ya watu. "Shangazi, Mzee. Nipeni robo saa tu. Ile sauti ni pumzi yangu kwenye maiki. Kaeni hapa chini ya nguzo mnisikilize. Mkisikia, mtaelewa. Msiposikia, fungueni mbuzi."

Byaruhanga akamtazama Vasta. Vasta akatazama saa yake. "Robo saa," akasema.

Habari zilipita vyumbani kama moto wa nyasi. Kufikia Yonasani anawasha mitambo tulikuwa watu mia, na mimi nilikuwa mbele, sitaki hata kupepesa macho. Nilikuwa namwombea. Hema, mwanangu, nilisema moyoni. Hema kama ng'ombe.

Kinanda kikaanza, ule wimbo wa taratibu wa matangazo ya msiba.

Sijawahi kusikia kitu kizuri namna ile kikitoka katika zile pembe mbovu. Sauti ilitoka laini, nene, imeshikana, haina ufa. Na pumzi haikuwepo. Hata moja! Kama kinanda kimejifundisha kujipiga chenyewe. Wimbo uliisha na watu hawakujua pa kutazama.

"Mzuri," Byaruhanga akasema kwa huzuni. "Mzuri kweli."

"Pumzi iko wapi?" akauliza Vasta.

Yonasani alitoka mbio, jasho linamtiririka. "Subiri, subiri, naingia tena. Lile zoezi lenyewe. Bila wimbo."

Akaingia. Pembe zikawaka, tukasikia ule mlio mdogo wa umeme, halafu kimya. Tukangoja. Kimya. Mbuzi mmoja akalia. Ndani ya chumba, kupitia dirishani, nilimwona ameshika maiki, anavuta na kutoa, kifua chake kinapanda na kushuka, na unyoya wangu uko mbele ya pua yake umesimama kama umechorwa. Karibu wiki tatu za mazoezi! Mwili wake ulikuwa umekataa kurudi nyuma.

Akajaribu kulazimisha. Ikatoka sauti ya mtu anayejaza upepo tairi la baiskeli.

"Hapana, hiyo si ile!" Acan akapiga kelele kutoka nyuma. "Ile ya Jumapili ilikuwa na utamu!"

"Kweli, siyo," wakasema wengine, kama majaji. "Hiyo ni ya kuigiza."

Yonasani alipotoka mara ya pili hakuwa anaangalia mtu. Vasta alimsubiri mpaka akafika karibu.

"Kwa hiyo kinanda chako," akasema taratibu, "kinahema siku za Jumapili tu."

Watu waliguna kwa pamoja. Byaruhanga akapanda nyuma ya pikapu, akaanza kufungua kamba za mbuzi, akimshusha mmoja mmoja. Phionah alikuwa ameinama juu ya mashine yake, mabega yanatikisika, maana zikishuka mbuzi zile, basi na yeye amehukumiwa.

"Shangazi," Yonasani akasema. "Anayehema ni asiyejua. Mimi Jumapili nilikuwa sijajua, leo nimejua. Mpe maiki mtu yeyote asiyejua, utasikia."

"Nimpe nani? Hawa watu wako watakuhemea kwa kukuonea huruma."

"Basi mpe unayemwamini."

Vasta akafikiri. Nilimwona akifikiri, midomo ameibana. "Nitashika mwenyewe," akasema. "Mimi nimekuja kukuacha. Sina sababu ya kukusaidia. Nionyeshe."

Wakaingia wote wawili, mlango wazi, tunaona. Yonasani akamvisha hedifoni, akamwekea maiki viganjani na kinanda juu yake, akamwonyesha unyoya. "Bila wimbo, Shangazi. Pumua tu kupitia kinanda, taratibu sana, kisilie. Uangalie unyoya usicheze."

"Kupumua? Nimepumua miaka sitini na mbili. Haya, toka. Nenda kasimame kule na mzee nikuone unakwenda." Kisha akaninyooshea kidole. "Wewe mwenye upawa. Funga mlango, simama hapo. Asiingie mtu."

Mimi! Kati ya watu wote mia. Nikafunga mlango, nikauegemea kwa mgongo. Yonasani akaenda kusimama kando ya pikapu, mikono nyuma, kama mshitakiwa. Kila mtu alimwona yuko pale. Ndani ya chumba kulikuwa na Shangazi Vasta na mablanketi, basi.

Mlio wa umeme. Kisha pembe nne juu ya nguzo zikavuta pumzi.

Ndani, nje. Ndani, nje. Ndefu, nzito, ya mtu aliye kazini. Ilikuwa ile ile! Sikuhitaji kuuliza mtu. Nilitazama nyuso mia moja na zote zilikuwa na mdomo mmoja uliofunguka. Pumzi ikapanda juu ya mabati, ikavuka mto, ikagonga mlima, ikarudi. Byaruhanga alikuwa ameshika kamba tatu. Zikamtoka mkononi, mbuzi wakaenda zao kwenye mboga za Acan, na Acan hakugeuka hata kuwafukuza.

Halafu Shangazi Vasta, kiongozi wa akina mama, akaanza kusema na unyoya.

"Polepole," zikasema pembe. "Tulia... tulia, nimesema. Aa, umecheza tena. Polepole... hapo hapo. Hapo hapo! Haya, tena."

"Yesu wangu," Byaruhanga akasema.

Mke wa muuza nyama akaangua kicheko cha kwanza, akajifunika kanga usoni. Kikaenea. Watu walishikana, walikaa chini, walipiga nguzo kwa ngumi. Sajenti alitoka nje, safari hii na sare kamili, akasimama wima kama anasikiliza wimbo wa taifa. Na mle ndani mama wa watu haisikii dunia. Unyoya umemshika, na pembe amezisahau. Akaendelea! Alihema, akaubembeleza, akaukaripia, dakika kumi nzima, na kizindalo kikabeba kila kitu bila huruma. Mwisho ukaja ule mshusho mrefu, na sauti ya ushindi: "Ehee! Umekubali!"

Ng'ambo ya mto wakapiga makofi, safari hii wengi.

Mlango ukasukumwa mgongoni kwangu. Shangazi Vasta akatoka, uso unang'aa kwa jasho, kitambaa cha kichwa kimeangukia sikio moja.

"Ule unyoya ni mkaidi," akasema. Kisha akaona watu. "Mna nini?"

Byaruhanga akaja polepole, mikono mitupu, akasimama mbele yake.

"Vasta," akasema. "Mle ndani ulikuwa na nani?"

"Na nani? Na unyoya!"

Lilipomtoka neno lile, ndipo akalisikia. Nilimtazama usoni kwa karibu, na nakwambia sikucheka. Macho yake yalikwenda juu kwenye nguzo, yakashuka na waya, kama yalivyokwenda macho ya Yonasani siku ile ya mswaki. Akashika mdomo kwa mikono miwili. Akashika kitambaa, akakinyoosha, kikapinda upande wa pili.

"Wote wamesikia?" akanong'ona.

"Mama," Acan akasema, maana yeye hajui kuzunguka, "mimi nakuambia kama mutu ya jeshi. Ni ile ile. Hata kuzidi." Akageuka, akamtafuta Phionah kwa macho, akaenda mpaka kwenye mashine yake. "Fundi. Mimi nilikosa. Nipige, kama unataka."

Phionah akakata uzi kwa meno. "Kwanza nenda ukawatoe mbuzi kwenye mboga zako," akasema, akarudi kukanyaga mashine yake, na machozi yakimdondokea juu ya sare ya mtoto wa watu.

Byaruhanga alikuwa ameshaanza kukohoa kile kikohozi cha wanaume wanaotaka kutoa neno. "Yonasani. Hizi mbuzi zimepata safari ndefu, zimechoka. Lazima zipumzike, kesho zirudi Bwera kwa mwenyewe. Jumamosi iko pale pale. Na hicho kinanda uje nacho." Akaokota kamba zake. "Maiki ya nyumbani kwetu hatutampa Vasta."

Yonasani aliketi pale alipokuwa, kwenye tairi la pikapu, akaweka kichwa katikati ya magoti, na mabega yake yakaanza kutikisika. Watu wakamwachia nafasi.

Nilidhani yameisha. Nilikuwa nimeanza kurudi nyuma kidogo kidogo kuelekea jikoni, ndipo Shangazi Vasta akapandisha sauti.

"Swali moja. Jumapili saa kumi na nusu neno hili lilikuwa mezani kwangu Mpondwe. Gari haliwezi kufika haraka hivyo. Nani alipiga simu?"

Kicheko kikakatika. Kila mtu alijua ana simu, na kila mtu alijua wengine wangeipiga kama wangekuwa na salio. Yonasani akainua kichwa. Alikuwa hajui. Siku zote hizo hakuwa amejiuliza. Kwake yeye aliyekosa alikuwa ni swichi tu.

Ningeweza kunyamaza. Nakwambia ukweli, nilipiga hesabu ya kunyamaza.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe mwenye upawa?"

"Mimi. Na unyoya nilimpa mimi. Nilijua habari ya zoezi, Shangazi. Nilipiga simu kwanza, nikakumbuka baadaye."

Yonasani alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi na mama yake. Miaka mitano anakula kwangu. Afadhali angenitukana.

"Ulisema nini kwenye simu?" Vasta akauliza.

"Nilisema nilichosikia."

"Ulisikia nini?"

"Hiki nilichosikia sasa hivi."

Alinikazia macho. Uso wake ulikuwa wa mama wa kanisa tena, mgumu, ingawa kitambaa bado kimepinda. Kisha akanipita, akaenda moja kwa moja kwenye hoteli yangu, akainama mlangoni na kuingia. Byaruhanga akamfuata. Phionah akaacha mashine, akaingia, nikamsikia akifunua masufuria yangu na kuuliza nani anakula matoke na nani anakula wali. Acan akaingia na mikono imejaa matope. Wakaingia majirani, wakaingia wasiokuwa majirani, benchi zikagongana, na Yonasani akaingia wa mwisho akipita kando yangu, macho chini.

Nyumba yangu haijawahi kujaa namna ile, nami niko nje, nimesimama kwenye jua chini ya kizindalo, nasikia sahani zangu zinalia na watu wanacheka. Sikuthubutu kusogea. Niliona aibu hata ya kutazama mlango wangu mwenyewe.

Pazia likafunguliwa. Shangazi Vasta akatoa kichwa nje, kipande cha ndizi mkononi.

"Wewe wa simu," akasema. "Unangoja nini huko? Ingia ule. Hiyo simu iache hapo nje."